Posadas: Mpasuaji stadi wa mapafu aliyeangamizwa na kifua kikuu akiwa na miaka 31

KATIKA filamu fupi isiyo na sauti, mojawapo ya filamu za kale zaidi za upasuaji zilizosalia duniani, kijana mwenye masharubu anaonekana akimwinamia mgonjwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi. Hajavaa glavu wala kitambaa cha kuziba mdomo na pua. Anafungua kifua cha mgonjwa huyo na kutoa pafuni uvimbe uliojaa maji.

Filamu hiyo ilinaswa jijini Buenos Aires, Argentina, karne ya 19 ilipokuwa ukingoni. Kijana huyo ni Dkt Alejandro Posadas, aliyekuwa akikaribia umri wa miaka 30 wakati huo. Kufikia mwishoni mwa mwaka wa 1902 alikuwa ameaga dunia, akiwa ameuawa na maradhi ya kiungo kile kile alichojitolea kukitibu kwa wengine.

Jina la Posadas halisikiki sana huku kwetu Afrika Mashariki. Hata hivyo, ugonjwa aliopambana nao si mgeni nchini Kenya. Wafugaji wa kaskazini magharibi mwa Turkana wameishi nao kwa vizazi, na katika miaka ya 1970 na 1980 watafiti walibaini kuwa eneo hilo lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi ulimwenguni. Takwimu za wakati huo zilikadiria kuwa takriban watu 200 kwa kila wakazi 100,000 walihitaji kupasuliwa kila mwaka kwa sababu ya ugonjwa huo, idadi ambayo ingeilemea hospitali yoyote ile.

Wataalamu huuita haidatidi. Chanzo chake ni tegu mdogo mno, mwenye urefu wa milimita chache tu, anayeishi matumboni mwa mbwa. Mbwa mwenyewe haonyeshi dalili ya kuugua. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi na kusambaa malishoni, kwenye maji na hata kwenye manyoya ya mnyama huyo. Kondoo, mbuzi au ngamia anapoyala pamoja na majani, mayai hayo huanguliwa tumboni. Viluwiluwi vyake hupenya ukuta wa utumbo na kusafirishwa na damu hadi kwenye ini au mapafu. Huko hujenga vifuko vya maji. Mfugaji anapochinja na kumtupia mbwa maini na mapafu yenye vifuko hivyo, mzunguko huanza upya.

Binadamu huingia katika mzunguko huo kwa bahati mbaya, pale anapomeza mayai kwa mikono michafu au maji. Kwake pia kifuko hukua polepole, mara nyingi kwa miaka mingi bila maumivu, hadi tumbo linapovimba au pumzi inapoanza kukatika. Aghalabu ini ndilo huathirika kwanza, kisha mapafu. Uvimbe unaweza kufikia ukubwa wa kichwa cha mtoto na kubeba lita kadhaa za maji.

Nchi ya kondoo

Posadas alizaliwa mnamo Desemba 28, 1870 katika mji wa Saladillo, kilomita zipatazo 180 kusini magharibi mwa Buenos Aires. Mji wenyewe ulikuwa mchanga, maana ulianzishwa mwaka wa 1863 katikati ya nyanda za Pampa, ambako mali ya mtu ilipimwa kwa wingi wa mifugo.

Ili kuelewa ni kwa nini taifa hilo lililea mabingwa wa kutibu haidatidi, inatosha kutazama sensa yake ya mwaka wa 1895. Argentina ilikuwa na watu wapatao milioni 4 na kondoo zaidi ya milioni 70. Kila zizi lilikuwa na mbwa wake, na kila mbwa alijua saa ya kuchinja. Wagonjwa wenye matumbo yaliyofura na vifua vilivyojaa maji walitoka mashambani na kumiminika katika hospitali za jiji kuu.

Kijana Posadas alijiunga na masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Buenos Aires, akapata mafunzo chini ya Ignacio Pirovano, mtu ambaye Waargentina humtaja kuwa baba wa upasuaji wa nchi yao. Pirovano alikuwa amesaidia kueneza humo mbinu za kuua vijidudu kabla na wakati wa upasuaji. Bila mbinu hizo, yale aliyoyafanya mwanafunzi wake baadaye yasingewezekana kamwe.

Kabla hata ya kuhitimu, Posadas aligundua ugonjwa ambao haukuwa umeelezwa popote. Mnamo 1892 alichapisha taarifa kuhusu askari mmoja aliyekuwa na vidonda vya ajabu vya ngozi visivyopona. Madaktari walidhani ni aina ya saratani. Posadas alivichunguza vidonda hivyo kwa hadubini, akiongozwa na mwalimu wake Robert Wernicke, akaona vijifuko vya duara vilivyosheheni chembechembe. Aliwadunga wanyama kwa usaha wa mgonjwa huyo na kuthibitisha kuwa maradhi hayo yaliambukiza.

Alidhani amekutana na mdudu wa jamii ya vimelea vya chembe moja. Katika hilo alikosea. Mnamo 1900 wataalamu wa California, Marekani, ambako ugonjwa huo huo ulikuwa umejitokeza, walionyesha kuwa kiini chake ni kuvu. Kosa hilo halikumpunguzia heshima. Hadi leo historia ya kuvu hao, wanaojulikana kama koksidioidi na ambao huingia mwilini kwa kuvutwa na pumzi pamoja na vumbi, huanza na jina la mwanafunzi huyo wa Buenos Aires aliyekuwa na umri wa miaka 21.

Wengi wangetosheka na ugunduzi kama huo na kukaa maabarani maisha yao yote. Posadas alirudi kwenye kisu.

Jeraha lisilofungwa

Ili msomaji aelewe uzito wa kazi yake, ni sharti ajue yaliyokuwa yakimsubiri mgonjwa wa haidatidi enzi hizo. Eksirei iligunduliwa mwishoni mwa 1895 na ilichukua muda kuenea. Daktari alitegemea vidole na masikio: aligonga kifua au tumbo na kusikiliza mahali mlio ulipobadilika. Wakati mwingine mgonjwa alijipa jibu mwenyewe, pale uvimbe wa pafuni ulipopasuka ghafla na yeye akakohoa maji yenye ladha ya chumvi pamoja na vipande vya utando mweupe mithili ya maganda ya zabibu.

Njia rahisi ya tiba ilionekana kuwa ni kudunga sindano nene na kuyanyonya maji hayo. Rahisi kwa mkono wa daktari, lakini hatari kwa mgonjwa. Maji ya kifuko cha haidatidi yakivuja ndani ya mwili huweza kuzusha mzio mkali, ngozi ikavimba, pumzi ikabana na moyo ukasimama. Aliyenusurika hapo hakuwa salama, kwa kuwa ndani ya maji hayo mna vichwa vingi vidogo vya tegu, na kila kimoja chaweza kuota na kuwa kifuko kipya. Mtu aliyeingia hospitalini na uvimbe mmoja angeweza kurudi baada ya miaka michache akiwa na makumi tumboni. Hatari hiyo ilikuja kuthibitishwa kwa majaribio na Mfaransa Félix Dévé mwanzoni mwa karne ya 20.

Njia ya pili, iliyotumiwa na wapasuaji wengi, ilikuwa kufungua tumbo, kushona kingo za kifuko kwenye ngozi ya mgonjwa, kisha kukipasua na kukiacha wazi ili kijitoe uchafu chenyewe. Maji hayakumwagika ndani, naam. Lakini mgonjwa aliachiwa tundu ubavuni lililotoa majimaji, nyongo na usaha kwa wiki nyingi, na kwa wengine miezi. Vijidudu viliingia kupitia tundu hilo. Mchungaji aliyetegemea nguvu za mwili wake alikaa kitandani akinuka, akikonda siku baada ya siku, na wengine walifia hapo hapo baada ya upasuaji kutangazwa kuwa umefaulu.

Posadas hakuridhika na ufanisi wa namna hiyo.

Hoja yake ilitokana na kulitazama kwa makini umbile la uvimbe wenyewe. Kifuko cha haidatidi kina kuta mbili. Ya ndani, nyeupe na laini kama ute wa yai lililochemshwa, ni mali ya tegu. Ya nje ni ganda linalojengwa na mwili wa mgonjwa kujitenga na mgeni huyo. Ikiwa mpasuaji ataondoa maji na utando wote wa ndani pasipo kuacha mabaki, ganda la nje halina ugonjwa tena. Basi kwa nini liachwe wazi? Alilisafisha, akalishona, akalirudisha ini mahali pake na kulifunga tumbo siku hiyo hiyo.

Ni haki kusema kwamba hakuwa peke yake katika wazo hilo. Waingereza Thornton na Bond walikuwa wamejaribu jambo kama hilo kwenye ini, naye Bobrov huko Urusi alifuata mkondo uo huo, na baadhi ya vitabu vya tiba huyaandika majina yao sambamba na la Posadas. Aidha, mbinu hiyo ilikuwa na dosari. Nyongo ikivuja ndani ya shimo lililofungwa, au vijidudu vikibaki humo, jipu hutunga mahali pasipoonekana. Ilifaa kwa uvimbe ambao haujaoza, tena mikononi mwa mtu mwangalifu. Kutambua ni mgonjwa yupi afungwe na yupi aachiwe mrija, huo ndio uliokuwa ugumu wenyewe, nao haujawaondokea wapasuaji hata sasa.

Kufungua kifua

Ini ni jambo moja. Pafu ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo Posadas alipowapita wengi wa wakati wake.

Mapafu hayajitanui yenyewe. Hushikiliwa wazi na mvuto uliomo baina yao na ukuta wa kifua. Mpasuaji akitoboa ukuta huo, hewa ya nje huingia kwa kishindo na pafu husinyaa kama kibofu kilichotobolewa. Pafu la pili, lililo zima, huyumbishwa, na mgonjwa aliye usingizini huanza kubadilika rangi na kuwa buluu. Leo mtaalamu wa dawa za usingizi huingiza mrija kooni na kupuliza hewa kwa mashine, wala hakuna anayestaajabu. Mashine hizo hazikuwapo. Kulikuwa na klorofomu, kitambaa, na kidole cha msaidizi kilichoshika mshipa kuhesabu mapigo ya moyo.

Kwa sababu hiyo wapasuaji wengi walikiogopa kifua. Waliothubutu walifanya kazi kwa awamu mbili: kwanza walisababisha pafu ligandamane na ukuta wa kifua, wakasubiri siku kadhaa likishika, kisha wakarudi kuupasua uvimbe. Katika siku hizo za kusubiri, uvimbe uliweza kupasuka wenyewe na kumzamisha mgonjwa katika maji yake.

Posadas aliikusanya kazi hiyo katika kikao kimoja. Alikata ubavu ili kupata njia, na mara tu alipolifikia pafu alilikamata na kulishona kwenye ukuta wa kifua kabla halijapata fursa ya kusinyaa. Nyuzi zilifanya kazi ambayo mashine ingekuja kuifanya baadaye. Pafu likiwa limetiwa nanga hivyo, alilipasua juu ya uvimbe, akamwaga maji nje na kuuvuta utando mweupe.

Kila hatua ilipimwa kwa dakika. Kifua kilichofunguliwa hakingoji mtu atafakari. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ushujaa wa Posadas haukuwa katika kuthubutu tu, kwani waliothubutu na kuua walikuwa wengi. Alikuwa amefikiri vizuri kabla ya kushika kisu, akajua ni kitu gani hasa kitamuua mgonjwa mezani, na akakizuia kwa uzi na sindano.

Jina lake lilibaki hata kwenye mifupa. Aina moja ya mvunjiko wa mfupa wa mkono, juu kidogo ya kiwiko, huitwa mvunjiko wa Posadas.

Kamera hospitalini

Mwaka wa 1898 daktari Mfaransa Eugène Doyen alikuwa amezua mjadala kwa kunasa upasuaji wake katika filamu jijini Paris. Muda mfupi baadaye Posadas alifanya vivyo hivyo katika Hospitali ya Clínicas, Buenos Aires. Sinema yenyewe ilikuwa chombo cha ajabu kilichozaliwa miaka michache tu iliyotangulia, na watu wengi walikiona kama mchezo wa maonyesho.

Kwa mwalimu wa upasuaji, faida yake ilikuwa bayana. Wanafunzi waliojipanga ukumbini huona mgongo wa daktari na damu kwenye shuka, basi. Kamera huona mikono. Tatizo ni kuwa kamera za enzi hizo zilihitaji mwanga mkali, hivyo ilibidi upasuaji upangwe mahali palipofikiwa na jua. Hebu fikiria: kifua cha binadamu kikifunguliwa kwenye mwanga wa mchana, mtu pembeni akizungusha mpini wa kamera, na mpasuaji anayejua kuwa akikosea, kosa lake litahifadhiwa.

Filamu mbili zilizobaki zinaonyesha upasuaji wa ngiri na ule wa uvimbe wa haidatidi pafuni. Zilikaa miongo mingi pasipo kuonwa na umma, kabla ya kufufuliwa na kutambuliwa kuwa hazina ya taifa hilo.

Alichokiacha

Tiba ya haidatidi imebadilika mno tangu enzi za Posadas. Wapasuaji hujaza vitambaa vilivyolowa maji makali ya chumvi kuuzunguka uvimbe, ili tegu yeyote atakayeponyoka afe kabla ya kuota. Kuanzia miaka ya 1980, dawa ya albendazoli iliwapa madaktari silaha ya kumpunguza nguvu tegu kabla na baada ya upasuaji, na baadhi ya vifuko vya ini hutibiwa kwa vidonge pekee. Sindano, ambayo zamani ilikuwa hukumu ya kifo, imerudi kwa heshima: ikiongozwa na picha za mawimbi ya sauti, na mgonjwa akiwa amekingwa kwa dawa, hutumiwa kunyonya maji, kuingiza kiua tegu, kisha kukinyonya tena.

Ni mashine hizo za picha za mawimbi ya sauti zilizopelekwa Turkana, zikiwa ndogo za kubebeka, baada ya shirika la AMREF kuanzisha mpango wa kudhibiti haidatidi huko mwaka wa 1983. Watu walipimwa chini ya miti, mbali na hospitali yoyote, na vifuko vikagunduliwa kwa wanaume, wanawake na watoto ambao hawakuwa wamehisi lolote. Waliohitaji kisu walipasuliwa. Kazi iliyobaki ilihusu mbwa: kuwapa dawa ya minyoo, kupunguza wale wasio na wenyewe, na kuwashawishi wafugaji wasiwatupie maini mabovu. Iceland ilikuwa imeonyesha tangu karne ya 19 kwamba njia hiyo huzaa matunda, kwani elimu kuhusu mbwa na uchinjaji ndiyo iliyoufuta ugonjwa huo kisiwani humo.

Lakini kwa aliyekwisha kupata uvimbe mkubwa pafuni, upasuaji ungali tegemeo kuu. Na kiini chake kingali kile kile: toa utando wote, usimwage hata tone, ziba kilichobaki.

Posadas hakuyaona hayo. Kifua kikuu kilikuwa kimemkamata, maradhi ambayo wakati huo hayakuwa na dawa. Nusu karne nzima ilisalia kabla ya kupatikana kwa tiba ya kuyaponya. Madaktari wa wakati huo waliweza tu kushauri mapumziko, chakula bora na hewa safi. Mkono uliokuwa umejifunza kulishika pafu la mtu mwingine lisisinyae haukuwa na la kufanya kwa lake mwenyewe, maana uvimbe una mahali pa kukatwa, ilhali kifua kikuu hutapakaa.

Alifariki jijini Paris, Ufaransa, mnamo Novemba 21, 1902, akiwa amebakiza wiki tano kutimiza miaka 32. Tangu achapishe habari za yule askari mwenye vidonda ilikuwa imepita miaka 10 pekee.

Mwaka wa 1904 Mjerumani Ferdinand Sauerbruch aliwaonyesha wapasuaji wenzake mjini Berlin chumba maalumu chenye hewa iliyopunguzwa shinikizo, ambamo kifua kiliweza kufunguliwa bila pafu kusinyaa. Ulimwengu wa tiba ulishangilia, na vitabu vingi huanza kusimulia historia ya upasuaji wa kifua kuanzia siku hiyo. Waargentina huianzia kwingine. Hospitali kubwa ya kitaifa iliyo magharibi mwa Buenos Aires inaitwa kwa jina la Profesa Alejandro Posadas, na kule Saladillo, katika nyanda alikozaliwa, hospitali ya mji hubeba jina hilo hilo.